Majibu ya Maabara ni Amana

Siku hizi mtu akipewa majibu ya maabara huyapiga picha na kuyatuma kwenye programu ya akili mnemba imfafanulie, au kwenye kundi la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini picha ikishatoka mkononi mwako, sheria hairudishi siri.

Mkoani kwetu Njombe, utafiti wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Siri ya mgonjwa ikivuja, huona haya kliniki, akaacha dawa.

Usitume majibu ya mkeo, mumeo wala mzazi bila idhini yake. Yako ukituma, ficha jina na namba ya faili. Kumsitiri mgonjwa ni sehemu ya tiba.