Mpapindi jalalani

Barazani kwa Ami Shaame

Jumanne asubuhi, kiasi cha saa mbili na nusu, Ami Shaame alikuwa anapita nje ya ua wa ofisi moja mjini Unguja alipoona moshi. Mtunza bustani amekusanya majani makavu, maboksi na makuti, ametia kiberiti. Moshi peke yake usingemsimamisha. Kilichomsimamisha ni punje nyekundu zilizotapakaa pembeni mwa moto, nyingine zingali kwenye kichala, kila moja kama ncha ya kidole, zinang'aa mithili ya shanga. Akainua macho. Kando ya tangi la maji umesimama mpapindi wa mashina matano, mabua yake yana pingili kama za mwanzi.

Akaomba kuingia. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haiwezekani.

"Ami, kitu cha ofisi hakitoki bila kibali."

Kibali anatoa nani? Bosi. Bosi yuko wapi? Amevuka kwenda Dar, anarudi Jumatatu. Na zile zinazoungua pale, je?

"Zile taka tu, Ami."

Basi mbegu ile inaruhusiwa kutoka ikiwa majivu, hairuhusiwi kutoka ikiwa hai. Ami hakumgombeza kijana, maana hakuitunga yeye sheria hiyo. Lakini alirudi nyumbani kifua kimembana, na mpaka anaandika haya hakijamwachia.

Wasomaji wa zamani wavumilie kidogo, habari za mti huu wameshazisikia humu. Mpapindi ni wa jamii ya minazi, na kwao ni Pemba. Ukiwa mwitu hauoti pengine popote duniani, na ngome yake ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska, wachache wako Ngazija na visiwa jirani. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Harold Moore, aliuandikia jina la kisayansi lenye neno Pemba ndani yake, na ingawa wataalamu wameuhamisha ukoo zaidi ya mara moja, hilo neno Pemba halikuguswa. Misitu ya Pemba ilifyekwa kupisha mikarafuu na mashamba, na kilichobaki Ngezi ni kipande tu. Mti wa namna hiyo ukizaa mjini, kila kichala ni amana.

Sasa lijalo ndilo lililomuudhi Ami kuliko moto wenyewe. Mpapindi unapandwa Florida. Uko Hawaii, uko Australia. Umefikaje? Watu waligawiana. Mwaka 1956 wapenzi wa miti hii huko Florida, wakiongozwa na Dent Smith, waliunda chama cha kimataifa cha jamii ya minazi, na wanachama wakawa wanapelekeana mbegu kwa posta, bahasha kwa bahasha, nchi kwa nchi. Mtu wa Miami anakunywa chai yake chini ya mpapindi. Mtu wa Wete, Pemba kwenyewe, akitaka punje tano anaambiwa asubiri bosi.

Jioni, barazani, yule jirani wa kikombe cha tatu (wasomaji wanajua ubishi wake hauanzi mpaka kahawa ya tatu ishuke) alisema Ami anakuza mambo. Serikali zina benki za mbegu, akasema, huko zimewekwa kwenye baridi, hazipotei.

Hapana, ndugu yangu. Benki hizo zipo, na iliyo kubwa kuliko zote kwa mimea ya mwitu iko Wakehurst, Uingereza. Kazi yake ni kukausha mbegu sawasawa na kuziweka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtama unakubali. Mpunga unakubali. Tende nayo inakubali ukavu kwa namna ya ajabu: kokwa iliyofukuliwa kwenye magofu ya Masada, Israeli, yenye umri wa miaka kama 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota. Lakini tende ni mtu wa jangwani. Jamaa zake wengi wa misitu yenye unyevu ukiwakausha wanakufa, ukiwagandisha wanakufa. Nazi yenyewe, na umaarufu wake wote, haihifadhiwi kwenye droo. Vituo vya utafiti vinaitunza ikiwa mti shambani. Mbegu ya namna hiyo haina benki nyingine isipokuwa ua wa mtu, na ua wa jirani yake, na wa jirani wa jirani.

Ndiyo maana kuikalia ni kuiua. Uifiche mfukoni mwezi mzima kwa uchoyo, utakachompa mjukuu ni kijiwe.

Wachoyo hawakuanza leo. Rio de Janeiro, kwenye bustani ya mimea, mtawala wa Kireno Dom João alipanda mwaka 1809 mti mrefu wa jamii hii, ule unaoitwa wa kifalme. Inasimuliwa kwamba ulipoanza kuzaa, mkuu wa bustani aliamuru matunda yote yachomwe, ili mti ubaki wa wakubwa peke yao. Watumwa wakawa wanaukwea usiku, wanaiba mbegu na kuziuza senti kidogo kidogo. Mti ule mama ulipigwa na radi mwaka 1972 ukafa, lakini uzao wake ulikuwa umeshaenea Brazili. Aliyeuokoa ukoo wa mti wa mfalme ni mtumwa aliyepanda juu gizani, na Ami Shaame angependa sana kulijua jina lake.

Na mchikichi? Asili yake Afrika. Watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa mawese. Mwaka 1848 miche minne tu ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java. Mbegu zao zikagawiwa, zikavuka hadi Sumatra, kisha Malaya. Leo mafuta yanateremshwa bandarini kwetu kutoka huko, tunakaangia samaki. Miche minne! Wenzetu waligawa, sisi tunanunua.

Jirani akauliza, kwani mtu akiuza kuna ubaya? Auze mche, Ami akamjibu. Mche umeutilia maji, umeutilia samadi, umeulinda na kuku. Jasho lako hilo. Mbegu iliyoanguka yenyewe chini, mpe anayeiomba. Tena kwa mkoma na mvumo kugawa ni lazima, si hisani, maana miti hiyo ina dume na jike. Mwenye mvumo mmoja uani atangoja tunda mpaka azeeke, ikiwa mtaa mzima hakuna mwingine. Mpe jirani mbegu, na kesho mti wake utakupa wewe mavumo.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Tunda likiiva likadondoka, menya nyama, osha punje vizuri, usianike juani. Fukia kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, weka kivulini, nyunyizia, subiri; wakati mwingine ni miezi. Mvumo na mkoma usiitie kwenye kopo fupi: mbegu hutoa kwanza mrija unaochimba kwenda chini kabisa, ndipo jani linapanda. Hiyo uipande pale pale itakapoishi. Na tusielewane vibaya: asiingie mtu Ngezi na kikapu. Msitu ule umehifadhiwa na za mle ndani ni za mle ndani. Yanayosemwa hapa ni ya miti ya majumbani na maofisini, inayofagiliwa chini yake kila asubuhi.

Asubuhi ile punje tatu zilikuwa zimebingirika hadi nje ya geti, barabarani. Ami aliziokota mbele ya mlinzi, na mlinzi akageukia upande mwingine. Mungu ambariki kijana yule. Ziko kwenye kopo la maziwa, chini ya mwembe.

Kichala cha pili cha ule mpapindi bado ni kijani. Barua ya kuomba kibali imeshaandikwa, ukurasa mmoja, na imepelekwa kwa mkono. Enyi wenye mipapindi majumbani, ninyi hamhitaji kibali cha mtu: fagieni polepole, okoteni, pelekeni kwa jirani, na zikizidi zileteni barazani. Watu kumi na mmoja wameshaandikisha majina yao.