Mishipa ya Mtoto Mwenye Kisukari Haingoji Utu Uzima

Aghalabu mtoto mwenye kisukari hutazamwa katika hospitali zetu kwa jicho la dharura: huletwa akihema kwa nguvu, midomo imemkauka na fahamu zinampotea, hupiganiwa mpaka arudi, kisha wazazi wake hufundishwa kumchoma insulini, na watu wote wakahesabu kwamba kazi imekwisha. Sikusudii kuibeza kazi hiyo, maana wako watoto waliozikwa ikidhaniwa wameuawa na malaria ilhali ni sukari iliyowaua. Lakini naona kwamba kumwokoa mtoto leo, kisha kuiacha mishipa yake ya damu iharibike polepole, ni kumkopesha umri atakaodaiwa angali kijana.

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando wenye unene wa seli moja tu, nao ndio utoao oksidi ya nitriki, ambayo huufanya mshipa ulegee na kupanuka mwili unapohitaji damu zaidi. Sukari ikikaa juu siku baada ya siku, utando huo hupungukiwa na uwezo wake, na ukuta wa mshipa huanza kuwa mgumu, ilhali mtoto mwenyewe hahisi lolote. Hucheza mpira, huenda chuoni, na usiku hulala usingizi wake. Mwaka 2004 mabingwa wa Turku, nchini Finland, walitangaza walichokiona kwa watoto wenye kisukari, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 11. Mtoto alifungwa mkanda mkononi, ukajazwa hewa mpaka damu ikasita, na baada ya dakika chache ukafunguliwa, huku mashine ya ultrasaundi ikitazama mshipa umepanuka kiasi gani damu iliporejea kwa kasi. Mishipa ya watoto hao ilipanuka takriban nusu tu ya ile ya wenzao wasio na maradhi, na kuta za mishipa yao ya shingo zilikwisha kuwa nene zaidi, ingawa kwa wastani hawakuwa wameishi na kisukari hata miaka mitano.

Ushahidi ulio mzito kuliko huo ulitoka Marekani na Kanada, ambako baina ya 1983 na 1993 wagonjwa 1,441 wa umri wa miaka 13 hadi 39 waligawanywa makundi mawili, moja likitibiwa kwa desturi ya zama zile, na la pili likipima sukari mara nne kwa siku au zaidi na kuchoma insulini mara tatu au zaidi, au kutumia pampu. Utafiti ulipokwisha, makundi yote mawili yalishauriwa kufuata tiba ile kali, na sukari zao zikakaribiana. Lakini taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba wale waliotunzwa vema tangu mwanzo walipatwa na maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 42 pungufu. Maana yake ni kwamba miaka ya kwanza ya maradhi haifutiki, na mishipa huiweka hesabu yake muda mrefu baada ya daftari la kliniki kutupwa.

Wako watakaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba hazina zetu ni haba, na kwamba nchi ambayo bado inahangaika kuwafikishia watoto insulini haina nafasi ya kushughulikia mishipa. Ningewaunga mkono lau ningekuwa nadai ultrasaundi kwa kila wilaya. Lakini kinachoulinda mshipa ni kile kile kinachomwepusha mtoto na kifo cha ghafula, nacho ni kujua sukari yake ilivyo. Katika nyumba zisizo na jokofu, wazazi wamejifunza kuihifadhi chupa ya insulini katika chungu cha udongo chenye mchanga uliotiwa maji, jambo linalohitaji bidii ya kila siku. Kisha mama huyo huyo, kwa kukosa stripi za kupimia, hulazimika kukisia dozi kwa kutazama uso wa mwanawe.

Wala tusidhani kwamba vidonge vitatuvusha. Vijana 443 wa miaka 10 hadi 16 wa Uingereza, Australia na Kanada walijaribiwa dawa ya presha na dawa ya kupunguza mafuta katika damu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dawa hizo hazikupunguza protini katika mkojo, iliyo dalili ya kuharibika kwa mishipa midogo ya figo, kama ilivyotarajiwa.

Yanayohitajika ni mambo madogo yanayosahauliwa kwa udogo wake. Mkanda wa presha wa mtu mzima ukizungushwa kwenye mkono mwembamba wa mtoto wa miaka minane hutoa hesabu iliyo chini ya ukweli, na tabibu akaandika kwamba hali ni njema. Mkojo haupimwi protini mpaka miguu ivimbe, na macho hayatazamwi mpaka kijana alalamike kwamba haoni ubao wa darasani.

Mwezi Agosti 2022, huko Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika waliukubali mpango wa PEN-Plus wa kuifikisha tiba ya kisukari cha watoto kwenye hospitali za wilaya. Na tangu 2009 mpango wa wafadhili wa kigeni uitwao Changing Diabetes in Children umewapa watoto wengi wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, insulini na vifaa bila malipo. Nashukuru kwa dhati, lakini hisani ya wageni ina mpaka wa umri na mpaka wa miaka, na mshipa ulioanza kuharibika haujui mipaka hiyo. Kwa hiyo stripi, mikanda ya presha ya watoto na kipimo cha protini katika mkojo viandikwe katika bajeti za afya za serikali zetu wenyewe, kwenye ukurasa ule ule unaoandikwa insulini, na wabunge waulize kila mwaka vimenunuliwa vingapi na vimefika wilaya zipi.