Tupeni Ufunguo wa Kabati

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno juu ya kabati lililo nyuma ya jukwaa katika ukumbi wetu. Ndani yake mna vyombo viwili vya muziki, zawadi ya mzee mmoja aliyesoma hapa zamani. Kimoja ni sinthesaiza, yaani kinanda kisicho na nyuzi wala filimbi, bali huunda sauti yake kwa umeme mtupu. Cha pili ni mashine ya ngoma yenye sikwensa: unapanga mapigo katika hatua 16, nayo huyakumbuka na kuyarudia mpaka uizime. Vyote viwili vina umri mkubwa kuliko mwanafunzi ye yote wa hapa. Tangu nilipoingia shule hii, miaka sita iliyopita, nimeviona nje mara mbili tu, na mara zote mbili ni kupanguswa vumbi kwa ajili ya wageni.

Wenye ufunguo wanasema tutaviharibu. Hofu yao naielewa, kwa kuwa vipuri vya vyombo hivi ni adimu. Lakini nawaomba wafikiri habari ya TB-303. Mashine hii ndogo ilitolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1981, ili impigie besi mpiga gitaa afanyaye mazoezi peke yake. Haikufanana na gitaa la besi, wanunuzi wakaikataa, na mwaka 1984 ikaachwa kuundwa. Zilikuwa zimetengenezwa kama 10,000 tu, nazo zikaishia katika maduka ya vitu vikuukuu kwa bei ya chini. Huko ndiko vijana wa Chicago walikozipata. Kikundi cha Phuture walizungusha vifungo vyake huku inalia, ikatoa mlio wa kupinda na kulalama ambao wachezaji dansi hawakuuzoea. Mwaka 1987 wakatoa sahani ya santuri iitwayo "Acid Tracks", na muziki huo ukavuka bahari hata Uingereza. Je, kama mashine ile ingefungiwa kabatini kwa kuogopwa kuharibika, nani angejua sauti iliyokuwa ndani yake?

Tena vyombo hivi havikukua kwa choyo. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walioanzisha muziki wa tekno wa Detroit, walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari kule Belleville. Walisikiliza pamoja na kufundishana. Hata makampuni yaliyoshindana sokoni yalikubaliana mwaka 1983 juu ya lugha moja ya vyombo, iitwayo MIDI, ili kinanda cha huyu kiongoze mashine ya yule. Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Marekani waliipigania lugha hiyo, na kila mwundaji akaachiwa kuitumia bila malipo. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Labda mtu atauliza, "Mashine hizi hazitaua ngoma zetu?" Nami nilidhani hivyo mpaka Jumamosi moja muhula uliopita, tuliporuhusiwa kufagia nyuma ya jukwaa na kabati likawa wazi. Tuliichomeka mashine. Kifungo kimoja kilikuwa kimekufa, mengine yote yakafanya kazi. Mwenzetu mmoja, mpiga madinda kutoka Buganda, alisikiliza kidogo kisha akacheka, akasema, "Hii naijua." Ninyi mliowahi kukaa mbele ya madinda mnafahamu: mpigaji mmoja hupiga noti zake, na mwenzake aliyemkabili hupenyeza zake katikati, hata msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna mmoja wao aupigaye peke yake. Basi tuliacha nafasi katika zile hatua 16, naye akazijaza kwa fimbo zake. Tulicheza kwa dakika kumi hivi, kisha tukaambiwa tufunge. Sijapata kusikia muziki mzuri kama ule katika ukumbi wetu.

Na madinda yenyewe yanatufundisha jambo jingine. Jeshi lilipovamia jumba la Kabaka pale Mengo mwaka 1966, wapigaji wa kifalme walitawanyika, na vyombo vingi vikaharibiwa au kupotea. Lakini nyimbo hazikufa zote, kwa sababu walikuwapo watu kama Evaristo Muyinda, aliyekuwa amekwisha kuzifundisha nje ya jumba, hata kwa wageni. Chombo huweza kuungua, bali ujuzi uliokwisha kuingia katika mikono ya wengi hauungui.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kabati lifunguliwe kila Jumamosi alasiri, na kila agusaye atie jina lake katika daftari. Pili, mtu asiguse kabla hajafundishwa na aliyetangulia, na aharibuye asaidie kutengeneza. Tatu, ninyi wazee wetu mliopita hapa, mlio mafundi wa redio na umeme, njoni hata siku moja mtufundishe kutia risasi kwenye waya. Na kama mna kinanda cha zamani chini ya kitanda, kileteni kipate kazi.

Mimi naondoka mwisho wa mwaka, wala sitafaidi ruhusa hiyo. Lakini kuna wadogo zetu wa darasa la kwanza ambao siku ile walisimama dirishani kutusikiliza. Waliniuliza tutacheza tena lini, nami sikuwa na la kuwajibu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa darasa la sita