Daftari la mishahara lianze siku ya kwanza

Mtu anayefungua biashara ndogo katika kijiji kama Ndagoni hutafuta kwanza mtaji, kisha leseni, kisha mahali pa kufanyia kazi. Akisha kuvipata huwaita vijana wawili watatu, wakapatana kwa maneno, na kazi ikaanza. Habari ya mshahara, nani alipwe nini, lini, na iandikwe wapi, huachwa mpaka ugomvi wa kwanza utokee. Mtindo huu umewatia hasara wenye biashara na wafanyakazi pia, na haufai kuendelea.

Tuchukue kinu kidogo cha kukamua mafuta ya nazi. Kazi ya kinu haianzii kinuni, bali huanzia kileleni mwa mnazi. Yuko mkwezi, yuko mfuaji, yuko mwenye kukuna na kukamua, na yuko anayepeleka mafuta Kilindoni. Walio kinuni huonekana kuwa ni wafanyakazi. Mkwezi hulipwa kwa hesabu ya minazi, pengine kwa nazi zenyewe, na mwenye mali akiulizwa hujibu: huyu si mwajiriwa wangu, huja na kwenda. Lakini mkwezi ndiye aangukaye.

Jibu hilo halitoshi mbele ya sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaorodhesha alama ambazo hata moja ikiwapo mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba mtu huyo anaelekezwa namna ya kufanya kazi, au amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake, au anapewa vyombo vya kazi. Basi mkwezi anayekwea shamba la kinu kimoja kila msimu, kwa amri ya mwenye kinu, huenda ni mwajiriwa ingawa pande zote mbili hazijui.

Tena sheria ya ajira na mahusiano kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake. Shauri likifika mbele ya wasuluhishi na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mapatano yalikuwaje. Wengi hudhani kutoandika ni kujikinga, kumbe ndiko kujifunga. Sisi tuliokaa vyuoni kabla ya kwenda shule za serikali tunakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na mshahara ambao kazi yake imekwisha fanywa ni deni.

Kinachowatisha wenye biashara, kwa tunavyosikia, ni neno kodi. Hebu tupige hesabu. Tuseme mfanyakazi wa kinu anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. (Kabla ya kutaja kiwango chochote, mwajiri aitazame amri ya kima cha chini kwa sekta yake, kwani viwango vipya vilianza kutumika Januari 2026.) Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa desturi kila upande hutoa nusu. Basi mfanyakazi hukatwa 30,000, na zinabaki 270,000. Kiasi hicho hakitozwi kodi ya mapato hata senti moja, maana kodi huanza juu ya 270,000, na ngazi yake ya kwanza ni asilimia 8. Aliye na 400,000 hukatwa 40,000 za NSSF na kodi ya shilingi 7,200 tu. Kwa yule wa kwanza mwajiri huongeza 30,000 zake za NSSF, pamoja na 1,500 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambazo ni nusu ya asilimia moja. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haimhusu mwenye wafanyakazi chini ya 10.

Kwa hiyo mfanyakazi mmoja wa 300,000 humgharimu mwajiri 331,500. Hiyo ndiyo hesabu ya kuweka katika bei ya mafuta tangu siku ya kwanza. Atakayekadiria bei yake kwa 300,000, akadhani nyingine zitapatikana mbele, ataanza kuchelewesha michango, na mwisho ataanza kukata fedha za wafanyakazi bila kuzipeleka. Jambo hili la mwisho tunaliita kwa jina lake: ni wizi.

Wapo pia wenye werevu wa kuandika 150,000 daftarini na kutoa 300,000 mkononi, na wakati mwingine mfanyakazi mwenyewe hufurahi. Furaha hiyo haina umri mrefu. Mfuko wa Fidia, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kulipa mafao mwaka 2016, hukadiria malipo kwa mshahara ulioandikwa. Aliyevunjika mguu akakaa nyumbani hulipwa asilimia 70 ya kile kilichomo daftarini. Ambaye hayumo kabisa hutegemea huruma ya mwenye kinu na mchango wa majirani. Na pensheni ya uzee ya NSSF hudai miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Mtu wa miaka 44 akipotezewa miaka miwili ya mwanzo kwa sababu kinu bado ni kichanga, ana 46 sasa, na miezi iliyobaki kabla ya kufika 60 haitoshi.

Minazi ya kisiwa hiki ina historia yake. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya Mafia yalitumikishwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kumkwesha mtu mnazi bila jina lake kuandikwa popote si desturi ya kujivunia.

Lakini lawama zote tusiwatwike wenye vinu. Mtu mwenye wafanyakazi watatu anatakiwa kujiandikisha Mamlaka ya Mapato, NSSF na Mfuko wa Fidia, mbali na leseni ya halmashauri. Kodi iliyokatwa mshaharani hutakiwa kufikishwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na vyombo vingine vina tarehe zao. Mwenye duka la mjini ana karani, ilhali wa Ndagoni ana daftari la shule na simu inayokamata mtandao ikipenda. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutomwandalia mwananchi karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye viwango, tarehe na mfano wa hesabu.

Tunawaomba maofisa wa vyombo hivyo, pamoja na ofisa kazi, wafike pamoja katika ofisi ya kata, siku moja iliyotangazwa mapema, wawaandikishe waajiri na wafanyakazi papo hapo. Waje kabla msimu wa kuangua nazi haujaanza, na wakwezi nao waitwe.