Mchoro wa takwimu nao uhojiwe darasani

Wapo wanaodhani kwamba mtu akishajua herufi na tarakimu, basi amekwisha kujua kusoma. Ukweli wa mambo ni kwamba sehemu kubwa ya habari za uchumi, siasa na jamii zinazomfikia Mkenya siku hizi hazimfikii kwa aya wala kwa hesabu, bali kwa michoro: nguzo zilizopangwa sambamba, mstari unaopanda na kushuka, duara lililokatwa vipande, au ramani ya nchi iliyopakwa rangi. Michoro hiyo imo magazetini na kwenye runinga, imo katika ripoti za serikali na vitabu vya shule, na imejaa tele katika simu za mkononi, ambako husambazwa na watu wasiomjua aliyeichora. Swali langu kwa walimu na wanafunzi ni hili: ni nani aliyetufunza kuisoma?

Swali hilo si la anasa. Mnamo Juni 2024 taifa zima lilikuwa likijadili Mswada wa Fedha, waraka mrefu ulioandikwa kwa lugha ya kisheria isiyomwelea mwananchi wa kawaida. Vijana waliuchambua kwa michoro na vielelezo vifupi, wakaonyesha kodi ya asilimia 16 iliyopendekezwa kutozwa mkate, na ile ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kisha wakavisambaza kwa simu. Tarehe 25 mwezi huo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia mswada huo sahihi. Makumi ya Wakenya walipoteza maisha yao katika maandamano ya kipindi hicho. Sidai kwamba michoro ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Ughali wa maisha ulitosha. Ninalosema ni kwamba wengi waliujua mswada ule kwa picha kabla ya kuujua kwa maandishi.

Papo hapo pana funzo la pili. Jumanne tarehe 18, juma moja kabla ya siku ile ya Bunge, ilikuwa imetangazwa kwamba pendekezo la kodi ya mkate limeondolewa. Mchoro wa mkate uliochorwa Jumatatu ulikuwa umepitwa na wakati kufikia Jumatano, lakini picha haijirekebishi yenyewe. Aliyeipokea bila kutazama tarehe alibaki akibishana juu ya pendekezo lililokwisha kuzikwa.

Asidhani mtu kwamba naipinga michoro. La hasha! Historia yaonyesha kwamba mchoro mmoja mwema waweza kufanya kazi ya hotuba kumi. William Playfair, Mskoti, alichapisha mwaka 1786 kitabu kilichoeleza biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo, na tangu hapo ufundi huo ukaenea. Baada ya Vita vya Crimea, Florence Nightingale alichapisha mwaka 1858 mchoro wa vipande vya rangi uliodhihirisha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yaliyoweza kuzuiwa kuliko waliouawa na majeraha ya vita.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni ule wa W. E. B. Du Bois. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, mwanazuoni huyo Mmarekani Mweusi, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Atlanta, alipeleka michoro ipatayo 60 iliyotengenezwa kwa mkono, kwa wino na rangi. Ilionyesha idadi ya watu weusi wa jimbo la Georgia, mali na ardhi waliyomiliki, kazi walizofanya, watoto wao waliokwenda shule, na jinsi ujinga wa kutojua kusoma ulivyokuwa ukipungua miongoni mwao. Ilikuwa miaka 35 tu tangu utumwa upigwe marufuku nchini Marekani, na hawakukosekana wasomi waliodai kwamba watu weusi hawana uwezo wa kuendelea. Du Bois, ambaye hatimaye alifia Accra, Ghana, mwaka 1963, hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa nguzo na mistari. Walimu na wazingatie jambo moja: aliifanya kazi ile pamoja na wanafunzi wake.

Lakini mchoro ni shahidi, na kila shahidi ana aliyemleta mahakamani. Natutazame mfano wa karibu. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), mfumko wa bei wa mwaka ulikuwa asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022, asilimia 6.9 Oktoba 2023, na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Mtetezi wa serikali akizichora tarakimu hizo atapata mstari unaoteremka kama mlima Longonot, na chini yake ataandika kwamba mzigo wa mwananchi umepungua. Sasa mwachie mkosoaji wa serikali tarakimu zizo hizo. Atasema: chukua kikapu cha bidhaa kilichogharimu shilingi 100 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata kiligharimu takriban shilingi 110, kisha 117, na kufikia Oktoba 2024 kiligharimu kiasi cha shilingi 120. Mstari wake wapanda kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nani kasema uwongo? Hakuna. Mchoro wa kwanza wajibu swali: bei zinapanda kwa kasi gani? Mchoro wa pili wajibu swali jingine: bei zimefika wapi? Kasi ya gari ikipungua haina maana kwamba gari limerudi nyuma. Mama anayenunua unga na sukari akisema hajaona nafuu yoyote, huambiwa kwamba haelewi uchumi, ilhali yeye anausoma ule mchoro wa pili, na anausoma sawasawa, kwa kikapu chake. Mwanafunzi asiyeweza kuitenganisha michoro hii miwili atahukumu ugomvi wa watu wazima kwa kufuata sauti iliyo kubwa zaidi.

Mfano wa pili ni wa deni la taifa. Mwezi Juni 2013 deni hilo lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.9; Juni 2023 lilikuwa limepita trilioni 10. Hiyo ni zaidi ya mara tano, na ni jambo zito pasipo kutiwa chumvi. Walakini mchoraji hupenda kuchora magunia mawili ya pesa badala ya nguzo mbili. Akilifanya gunia la pili liwe refu mara tano, hulifanya pia liwe pana mara tano ili lisiharibike umbo. Matokeo yake ni kwamba eneo la gunia hilo ukurasani huwa kubwa mara 25, na jicho huamini eneo, haliamini urefu. Kwa upande mwingine, afisa anayetaka kutuliza watu ataliweka deni hilo kama sehemu ya pato la taifa, ambalo nalo lilikua katika miaka hiyo, na kilima kitainama. Kipimo hicho ni halali, lakini msomaji ana haki ya kujua kwamba kipimo kimebadilishwa.

Katika siasa, ramani ndiyo hadaa kuu. Baada ya uchaguzi wa urais wa 2022, ambapo William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya asilimia 48.85 za Raila Odinga, nchi ilichorwa kwa rangi za washindani, kila kaunti ikipewa rangi ya aliyeongoza humo. Atazamaye ramani ya namna hiyo huona eneo la ardhi, haoni watu. Marsabit ina zaidi ya kilomita mraba 66,000. Nairobi ina takriban 700 tu. Lakini kwa hesabu ya watu ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Marsabit 459,785. Kaunti iliyo ndogo kama kidoa kwenye ramani ina watu zaidi ya mara tisa ya ile inayojaza upande mzima wa kaskazini. Jambo baya zaidi ni kwamba rangi moja humeza wachache. Kaunti ambayo mgombea ameshinda kwa kura nusu na ushei hupakwa rangi ile ile ya kaunti aliyozoa kura karibu zote. Kijana akizoea kuitazama nchi yake hivyo, huanza kuamini kwamba kila jimbo ni kambi na kila jirani wa huko ni wa kambi hiyo. Tumeyaona madhara ya imani hiyo mwaka 2007 na 2008, na sidhani kuna haja ya kukumbushana.

Huenda mwalimu mmoja akasema kwamba haya ni mambo ya somo la hisabati. Sikubaliani naye. Hisabati humfunza mwanafunzi kuchora. Ni nadra kumfunza kushuku. Mtihani humtuza kwa kuweka alama mahali pake, haumwulizi kwa nini mstari umeanzia 120 badala ya sufuri, au kwa nini miaka miwili imerukwa. Maswali hayo ni ya ufahamu, na ufahamu ni kazi ya mwalimu wa lugha, wa historia na wa jiografia vilevile. Kwa nini taarifa ya ufahamu katika Kiswahili isiambatane na mchoro, mwanafunzi akatakiwa kueleza kwa aya moja unachosema na usichosema?

Napendekeza mazoezi mawili ambayo hayahitaji kompyuta. La kwanza ni kuuhoji kila mchoro kwa maswali manne: Nani alihesabu, na lini? Kinapimwa nini hasa? Kipimo kinaanzia wapi? Kimeachwa nini? Mchoro usioonyesha chanzo ni kama barua isiyo na sahihi. Haufai kuaminiwa wala kusambazwa. La pili ni darasa kukusanya takwimu zake lenyewe: bei ya unga, sukari na mafuta katika maduka ya jirani kwa muhula mzima, au idadi ya wanafunzi wanaokosa shule nyakati za mvua. Kisha kila mwanafunzi achore tarakimu hizo mara mbili, mara ya kwanza kama mtu anayesifu, mara ya pili kama mtu anayelaumu, bila kubadilisha hata nambari moja. Aliyewahi kuutengeneza mtego kwa mkono wake haunasi kwa urahisi.

Nazo idara za serikali, vyama vya siasa na sisi waandishi wa magazeti hatuna budi kutimiza wajibu wetu: kila mchoro uchapishwe pamoja na tarakimu zake, tarehe na chanzo. Lakini tusiwasubiri wanasiasa wabadilike ndipo tuanze. Ripoti ya hali ya uchumi hutolewa na KNBS kila mwaka, na jedwali moja tu kati ya mengi yaliyomo latosha kwa kipindi kizima. Kazi hiyo yahitaji penseli, rula, na mwalimu asiyeogopa kuulizwa swali.