Shaba yetu imetiwa saini, amani iko wapi?

Kwa muda mrefu Rais Félix Tshisekedi alikataa katakata kuzungumza na M23. Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari. Ndipo wajumbe wake wakaketi na waasi hao hao huko Doha. Tarehe 4 Desemba alitia saini Washington pamoja na Kagame, na siku hiyo hiyo mapatano ya madini na Marekani. Siku chache baadaye, Uvira ikatekwa.

Shaba na kobalti ziko chini ya udongo wa Mutoshi. Nani aliwauliza wakaaji wake? Nani alimuuliza mama aliyekimbia Goma? Rais aanze kuzungumza na raia wake. Madini yakiondoka na mkimbizi asirudi kwao, hiyo ni amani ya nani?