Malezi ni Wito, Malezi ni Elimu



Imekuwa desturi yetu, tunapowataja wanaolea yatima na vijana wa mitaani, kusema: "Hao wana moyo." Ni sifa njema, wala hatuifuti. Lakini tunahofu kwamba imegeuka pazia, na nyuma yake tumeuficha uzembe wetu wa kutowasomesha.

Sisi mapadre hatukukabidhiwa altare kwa sababu ya moyo tu. Sheria ya Kanisa inadai angalau miaka sita ya falsafa na teolojia, nanyi mmeitegemeza miaka hiyo kwa sadaka zenu. Hakuna aliyeuliza kama kusali kunahitaji masomo yote hayo. Mbona basi mlezi anayekesha na mtoto aliyejeruhiwa rohoni tunamwona ametosheka kwa semina ya siku tatu?

Katika makao mamoja tuliyoyatembelea, mtoto alikutwa ameficha vipande vya ugali chini ya godoro. Aliitwa mwizi, akachapwa. Mlezi wake hakuwa mkatili. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba mtoto aliyezoea kulala na njaa huendelea kuiogopa hata sahani inapojaa. Fimbo ilimwongezea hofu. Hapo ukosefu wa elimu ulizaa ukosefu wa haki.

Liko jambo zito zaidi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na jamaa zake. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto. Sasa, kupima kama bibi aliyeko kijijini aweza kumlea mjukuu wake akisaidiwa, kumwandaa mtoto arudi nyumbani, na kuwafuatilia wote wawili baadaye, si kazi ya kubahatisha. Yahitaji mtu aliyejifunza kuchunguza kwa makini, kuandika taarifa ya kweli na kuwaongoza wenzake. Hayo ndiyo tunayoyatafuta katika shahada ya pili, yaani uzamili.

Wapo watakaosema: "Mkimsomesha, atakimbilia ofisini mjini." Hoja hiyo ina ukweli, tumewaona walioondoka. Lakini dawa yake si kumwacha mlezi gizani. Alipwe ujira unaolingana na elimu yake, na masomo yenyewe yasimng'oe kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha wanafunzi walio mbali, na kimekuwa na shahada ya uzamili katika fani ya ustawi wa jamii. Mwenye shahada ya kwanza aweza kusoma usiku, na asubuhi akayapima aliyoyasoma mbele ya watoto walewale.

Hatudai kila mlezi awe na uzamili. Tunadai kila makao yaliyo chini ya Kanisa yawe na mmoja aliyefika huko, anayeishi karibu na watoto, na awafundishe wenzake. Walio na cheti au stashahada nao wafunguliwe njia ya kupanda ngazi.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za walei, zinapopanga bajeti ya mwaka, zitenge fungu la kumsomesha mlezi mmoja, kwa mapatano ya maandishi kwamba atarudi kuwatumikia watoto. Na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: tunapopeleka mchele na sabuni kwenye makao ya watoto, tumewahi kuuliza ni nani anayewalea, na amefundishwa nini?

Bwana alipomsimamisha mtoto katikati ya mitume, aliwataka wajifunze. Nasi tusione haya kujifunza.